Kabla ya kukipokea cheo, uliza kinakuja na nini

Mtu akipandishwa cheo ofisini, habari hufika nyumbani kabla yake. Kundi la WhatsApp la ukoo linajaa hongera, wadogo zake wanaanza kumwita bosi, na jirani aliyezoea kumsalimia kwa jina sasa anamwita meneja. Katika shangwe hiyo ni nadra kumsikia mtu akiuliza mshahara umepanda kiasi gani, na ni nadra zaidi kumsikia mwenyewe akisema. Mara nyingi hasemi kwa sababu hajui. Barua aliyokabidhiwa inataja cheo kipya, inampongeza na kumtaka aongeze bidii. Mshahara haukutajwa, au imeahidiwa tu kwamba "utaangaliwa".

Makala hii ninamwandikia mtu huyo, pamoja na mwenzake ambaye kampuni nyingine imempigia simu ikimwahidi mshahara mnono na sasa halali usingizi, hajui aende au abaki. Wote wawili wanastahili hesabu iliyo wazi zaidi ya ile wanayopewa.

Naanza na jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inaweka saa za kawaida za kazi kuwa 45 kwa wiki. Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa, na saa hizo za ziada hazitakiwi kuzidi 50 katika mzunguko wa wiki nne. Watu wa viwandani na mahotelini wanayajua haya vizuri. Kisichojulikana sana ni kifungu cha 17, kinachosema kwamba masharti hayo ya saa hayamhusu mfanyakazi anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na anayeripoti moja kwa moja kwa kiongozi wa menejimenti ya juu. Ukishakuwa meneja wa kweli, haki ya ovataimu kwa mujibu wa sheria imekwisha.

Tumchukue msimamizi wa zamu katika kiwanda kilicho kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, mwenye mshahara wa msingi wa Sh900,000. Anasimamia watu, lakini anaripoti kwa meneja wake, hajafika kwa wakubwa wa juu, kwa hiyo ovataimu bado ni haki yake. Sheria inagawanya mshahara wa mwezi kwa 4.333 ili kupata wa wiki, kisha kwa saa za wiki. Kwa hesabu hiyo saa yake moja ni kama Sh4,615, na saa ya ziada ni kama Sh6,920. Mwezi wenye oda nyingi, akifanya saa 30 za ziada, anaingiza zaidi kidogo ya Sh207,000. Sasa anaitwa ofisini, anapewa mkono, anakuwa meneja wa uzalishaji na mshahara unaongezwa Sh150,000. Mwezi ule ule wenye oda nyingi, kabla hata ya kodi, ana upungufu wa Sh57,000. Atatoka kazini usiku kama zamani, pengine usiku zaidi, maana mashine ikigoma sasa anaitwa yeye.

Simshauri akatae. Ninachosema ni kwamba alipokuwa anapewa mkono alipaswa kuwa na takwimu za ovataimu yake ya mwaka mzima mfukoni, aziweke mezani na kuomba nyongeza inayoanzia pale. Mwajiri mwenye nia njema ataelewa mara moja. Asiyetaka kuelewa amemwonyesha kwamba kampuni inatafuta saa nyingi za kazi kwa bei nafuu.

Kifungu hicho hicho cha 17 kina upande wa pili unaowasaidia wengi. Kinatazama kazi unayoifanya. Mjini siku hizi vyeo vimekuwa vingi kuliko watu: kuna Meneja Masoko asiye na mtu hata mmoja chini yake, na kuna Mkuu wa Kitengo ambaye kitengo chote ni yeye na meza yake. Mtu wa namna hiyo akinyimwa malipo ya saa za ziada kwa sababu kadi yake imeandikwa meneja, sheria haiko upande wa aliyemnyima. Anaweza kulipeleka dai lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na muda wa kufungua mgogoro wa aina hiyo ni siku 60. Najua wengi hawaendi, wanaogopa kuharibu uhusiano na wakubwa. Lakini kuijua haki yako kunabadilisha namna unavyoongea hata kabla ya kufika Tume.

Kukaimu

Hakuna mahali cheo na mshahara hutengana kwa muda mrefu kama kwenye kukaimu. Bosi amehamishwa, amestaafu au amefariki dunia. Anaitwa mtu wa chini yake, anaambiwa ashike ofisi kwa sasa. Anasaini barua, anahudhuria vikao, analaumiwa mambo yakiharibika. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinataka kukaimu kusizidi miezi sita. Lakini yeyote anayefuatilia taarifa za ukaguzi wa halmashauri na mashirika ya umma amekutana na hoja hiyo zaidi ya mara moja: wakuu wa idara wanaokaimu kwa mwaka, miaka miwili, na zaidi.

Mtu anayekaimu muda mrefu hivyo anaumia kwa njia mbili. Kipato chake hakilingani na mzigo alioubeba, na mamlaka yake yana ufa, kwa kuwa walio chini yake wanajua anaweza kurudishwa kwenye kiti chake cha zamani wiki yoyote. Kuwakemea anaogopa, kupanga jambo la miaka mitatu hawezi. Miaka inayopotea hapo ndiyo ile ambayo mtu alipaswa kuwa anajijengea jina.

Hata hivyo kukaimu kunaweza kuwa lango. Ruth Zaipuna alikuwa ofisa mkuu wa fedha wa Benki ya NMB, akakaimu nafasi ya ofisa mtendaji mkuu, na mwaka 2020 akathibitishwa kuiongoza. Alikuwa tayari anaijua hesabu ya benki nzima alipopewa kiti, na waliompima walikuwa na kitu cha kupima. Kwa hiyo ukiombwa kukaimu, uliza mambo matatu na uyapate kwa maandishi: utakaimu hadi lini, utalipwa posho gani katika kipindi hicho, na nafasi ikitangazwa utaruhusiwa kuiomba. La tatu watu hulisahau. Wapo wanaokaimu kwa moyo wote wakidhani wanaandaliwa, kumbe nafasi imepangiwa mtu wa kutoka nje tangu mwanzo.

Laki tatu zinazofika nusu

Sasa tumgeukie aliyepigiwa simu. Analipwa Sh900,000, anaahidiwa Sh1,200,000. Laki tatu ni pesa nyingi. Kichwani ameshahamia nyumba yenye chumba cha wageni. Tuzifuate laki tatu hizo hadi zifike kwake.

Tuseme mshahara wote ni wa msingi, ni mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF, na alisoma chuo kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ambao bado anaulipa. Kwa mshahara wa sasa NSSF inachukua asilimia 10, yaani Sh90,000. Kodi ya PAYE inatozwa kwenye Sh810,000 zilizobaki: kwa viwango vya Tanzania Bara, mapato kati ya Sh760,000 na milioni moja yanatozwa Sh68,000 pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi Sh760,000, hivyo kodi ni Sh80,500. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ambayo ni Sh135,000. Anabaki na Sh594,500.

Kwa mshahara mpya NSSF ni Sh120,000. Sh1,080,000 zinazobaki zimevuka milioni moja, kwa hiyo zinaingia daraja la juu kabisa la kodi: Sh128,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi, jumla Sh152,000. Bodi inachukua Sh180,000. Anabaki na Sh748,000. Tofauti ni Sh153,500. Laki tatu alizoahidiwa zimefika nusu.

Hakuna aliyemwibia. NSSF ni akiba yake, na deni la Bodi ni deni lake, kadiri anavyolipa haraka ndivyo linavyokwisha. Ila maisha ya mwezi ujao anayapanga kwa 153,500, na humo kuna mambo mengine ya kutoa. Kama ofisi ya sasa iko Tabata anakoishi na mpya iko Masaki, kuna nauli na kuna saa mbili za foleni asubuhi na jioni. Akitaka kuhama ili awe karibu, mwenye nyumba atadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima. Kama kazi ya zamani ilikuwa na bima ya afya inayowagusa mke na watoto, na mpya inamgusa yeye peke yake, mtoto mmoja kulazwa wiki moja kunaweza kumeza nyongeza ya miezi kadhaa. Ndiyo maana ningemshauri asijibu simu ile kabla ya kukaa na kalamu na mwenzi wake usiku mmoja.

Muundo wa mshahara nao una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Waajiri wengine hutoa mshahara wa msingi mdogo na kuujazia posho: ya nyumba, ya usafiri, ya simu. Jumla inapendeza. Lakini sheria ya ajira inapokokotoa ovataimu na kiinua mgongo cha kuachishwa kazi, inatumia mshahara wa msingi. Sh1,200,000 ambayo nusu yake ni posho si sawa na Sh1,200,000 ya msingi, hata kama benki inasoma kiasi kilekile. Na anayetoka serikalini kwenda sekta binafsi aongeze jambo moja: katika PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, yeye huchangia asilimia 5 na mwajiri 15, wakati katika NSSF mfanyakazi hukatwa hadi asilimia 10. Anaanza na makato makubwa zaidi tangu mwezi wa kwanza.

Anachoacha nyuma anayehama ni muda. Miaka yake ya utumishi inabaki kwenye geti la kazi ya zamani. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira kinaondoa ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki kwa mtu ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo, na kifungu cha 29 kinasema mwenye utumishi wa chini ya miezi sita hana haki ya likizo yenye malipo. Dada anayetarajia kujifungua aipime tarehe yake ya kuhama kwa jicho hilo, kwa kuwa siku 84 za likizo ya uzazi zenye malipo ni kitu kikubwa kuliko nyongeza ya miezi michache. Anayeacha kazi mwenyewe pia hapati kile kiinua mgongo cha siku saba za mshahara kwa kila mwaka, hadi miaka kumi, kinachotolewa mwajiri anapomaliza ajira.

Kisha kuna mkopo wa benki. Watumishi wengi wamekopa kwa dhamana ya mshahara, kwa makubaliano kati ya benki na mwajiri wao wa sasa. Ukihama, mkopo haukai pale kukusubiri. Uliza benki kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, uone kama mwajiri mpya anakubalika kwao. Mtu aliyechukua mkopo wa miaka sita wa kujenga nyumba amefungwa kamba na ofisi yake kwa miaka sita, na hiyo ni sababu mojawapo inayofanya watu wenye vipaji wakae mahali pasipowakuza.

Wakati wa kuchukua cheo na kuiacha pesa

Pamoja na yote hayo, naamini upo wakati ambao mtu anapaswa kuchukua kazi yenye mshahara ule ule, hata mdogo kidogo, kwa sababu ya nafasi. Kwangu kuna vipimo vitatu. Je, utakuwa na bajeti unayoisaini? Je, kuna watu utakaowaajiri, kuwafundisha na kuwapima? Je, kuna uamuzi ambao ukikosea kampuni itaumia na ukipatia itaonekana? Nafasi yenye mambo hayo inakupa kitu ambacho mwajiri wa baadaye atakinunua kwa bei nzuri, awe NGO ya Arusha, mgodi wa Geita au benki ya Nairobi. Kwenye usaili hawatauliza kadi yako iliandikwaje. Watauliza ulisimamia nini, kilikuwa na thamani gani, kikaishaje. Mwenye jibu la kueleza kwa dakika kumi amefaidika na miaka yake hata kama alilipwa kidogo.

Umri nao unaingia. Kijana wa miaka 27 asiye na watoto wa kusomesha anaweza kumudu miaka mitatu ya mshahara wa kawaida katika nafasi inayomfunza. Kwa mtu wa miaka 50 mambo yamegeuka. Pensheni katika mifuko yetu hukokotolewa kwa wastani wa mishahara bora ya miaka mitatu ndani ya miaka kumi ya mwisho kabla ya kustaafu. Kinachoingia kwenye kikokotoo ni mshahara uliochangiwa. Mtu wa umri huo anayepewa ukurugenzi bila nyongeza anaongezewa mzigo katika miaka ambayo kila shilingi ya mshahara itamfuata hadi uzeeni, na ana haki ya kusimama imara kudai zaidi kuliko kijana.

Wapo wanaowahimiza vijana waache kazi, waifuate ndoto, na mara nyingi humtaja mfanyabiashara Reginald Mengi. Ni kweli kwamba mwaka 1989 Mengi aliondoka kampuni ya uhasibu ya Coopers & Lybrand, alikokuwa amefika juu kabisa kwa hapa nchini, akaenda kuijenga kampuni yake ya IPP. Wanaosimulia huacha sehemu yenye mafunzo: alikuwa mhasibu aliyeiva, mwenye jina kwenye taaluma yake, na biashara ya kuunganisha kalamu alikuwa ameianza akiwa bado kazini. Aliondoka akiwa na mahali pa kukanyaga. Huo ni uamuzi tofauti kabisa na wa kijana mwenye mwaka mmoja kazini anayetupa barua mezani kwa hasira ya Ijumaa.

Liko jambo jingine la kwetu ambalo vitabu vya uongozi kutoka ng'ambo havilitaji. Cheo kinalipiwa nyumbani. Ukishaitwa bosi, kadi za michango ya harusi zinakuja na matarajio mapya. Mwenyekiti wa kamati anakutazama wewe inapofika zamu ya ahadi. Binamu wanataka nafasi za kazi kwako. Shangazi mgonjwa Muheza analetwa Muhimbili na wewe ndiye wa kwanza kupigiwa. Sioni aibu katika hilo. Ndivyo tulivyosomeshwa wengi wetu, kwa mifuko ya watu waliokuwa na kidogo. Lakini cheo kisicho na pesa kinakufanya uonekane mchoyo mbele ya watu unaowapenda. Nimewaona watu wazima wakikopa ili watimize ahadi walizozitoa kwa sababu ya jina la kazi yao. Mwambieni mapema mtu wenu wa karibu ukweli wa mshahara wenu. Mama akijua ukweli atawanyamazisha wengine.

Tumekuzwa kwenye msemo kwamba cheo ni dhamana, na ni msemo mzuri. Ulilenga kuwazuia wakubwa wasijinufaishe. Kwa bahati mbaya umekuja kutumika kuwanyamazisha wadogo. Anayeuliza malipo anaonekana ana tamaa, hana shukrani, hana moyo wa kujitolea. Wanaoumia zaidi ni wasichana wanaotoka vyuoni na vijana kutoka familia zisizo na mtu aliyewahi kuajiriwa ofisini, ambao hawakufundishwa kwamba kuuliza ni sehemu ya mazungumzo. Kuuliza kwa adabu hakumvunjii mtu heshima. Mwajiri anapokuajiri anauliza vyeti, wadhamini na mshahara wako wa zamani bila haya.

Kwa anayehama, mpangilio uwe huu. Usiandike barua ya kuacha kazi hadi mkataba mpya uwe umesainiwa na pande zote mbili. Simu na ujumbe wa "karibu kwenye timu" si mkataba. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi isiyopungua siku 28 kwa maandishi, na notisi haitolewi ukiwa likizo. Mwombe mwajiri mpya akusubiri muda huo. Anayekataa kukusubiri mwezi mmoja anakuambia jinsi naye atakavyotaka kutendewa. Siku ya mwisho dai hati ya utumishi, ambayo sheria inamtaka mwajiri akupe, na malipo ya siku za likizo ulizozipata na hukuzichukua.

Na kwa aliyepewa barua ya cheo isiyotaja mshahara, hii hapa namna ya kuijibu, aibadilishe apendavyo:

"Nimeipokea kwa shukrani barua yako ya kunipandisha cheo, na niko tayari kuanza. Ili nijipange vizuri, naomba kufahamishwa kwa maandishi: mshahara wa msingi wa nafasi hii na tarehe utakapoanza kulipwa, posho zinazoambatana nayo, nitaripoti kwa nani na ni wangapi watakaoripoti kwangu, na kiwango cha matumizi ninachoruhusiwa kuidhinisha. Naomba pia tukubaliane tarehe, ndani ya miezi sita, ya kukaa pamoja kutathmini nafasi hii na malipo yake. Nimeambatanisha muhtasari wa saa za ziada nilizolipwa katika miezi 12 iliyopita, kwa ajili ya mazungumzo yetu."